Chupa ya Magoti ya Mama

Maumivu ya magoti mama aliyaweza. Aibu ndiyo ilimshinda. Wageni wa posa ya mdogo wangu walikuwa wanakuja kijijini kwetu Pito baada ya mavuno ya ulezi, na kwetu Ufipa mwanamke hamsalimii mgeni wa heshima akiwa amesimama kama nguzo. Anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, ndipo maneno yafuate. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba, akishuka hapandi mpaka ashikwe mkono.

"Watasema binti ametoka kwa watu wenye majivuno," alinilalamikia. "Nifanyie dawa. Si ndiyo kazi yako?"

Kazi yangu, kusema kweli, ilikuwa kuosha vyombo vya maabara katika chuo kidogo mjini Sumbawanga, na siku nikibahatika, kuchemsha majani. Walikuwa wanachunguza mti mmoja wa kwetu, kuona kama maji ya majani yake yanatuliza mzio na uvimbe wa viungo. Mti wenyewe siutaji. Nikiutaja leo, kufikia Jumamosi hautabaki hata mzizi.

Marehemu bibi alikuwa akiutumia mti huohuo kwa mambo yote mawili, magoti yake na chafya zangu. Mimi ulezi ukipigwa tu, vumbi lake linanipigisha chafya mpaka kuku wanakimbia. Nilipoingia sekondari nikaanza kumcheka: dawa moja itajuaje pua na goti? Miaka mingi baadaye, mwalimu aliyesimamia maabara akanieleza kuwa mzio na baadhi ya magonjwa ya viungo yana undugu, maana mwili unagombana na kitu usichopaswa kugombana nacho. Niliona haya, na wa kumwomba radhi hayupo.

Mwalimu alinionya nisitoe hata tone maabara, kwa sababu bado hawakujua kipimo wala madhara. Sikutoa. Nilichuma majani yangu, nikayachemsha kwenye chumba changu cha mjini, mtaa wa Katandala, kama bibi alivyofanya, nikachanganya na mafuta ya alizeti. Daktari aliyekuwa akimpa mama vidonge alikubali apake tu, asinywe, na vidonge asiache. Nami nikaongeza sharti langu: apake asubuhi na jioni, yeye peke yake.

Kila Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka Pito na tepu ya fundi cherehani, nikampima mama goti na kuandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza uvimbe ulipungua kidogo, nikajiona profesa. Wiki ya pili haukubadilika. Wiki ya tatu goti lilikuwa nene kuliko siku ya kwanza, na chupa tupu kabisa. Nikatengeneza chupa kubwa zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Uani niliwakuta akina mama watano wa jumuiya yetu wamekaa mkekani, wamenyoosha miguu, magoti yanang'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta. Mama alikuwa katikati, anawamiminia.

"Mama! Si nilisema peke yako?" Nilikasirika kweli, nusura nilie.

Akanitazama kwa mshangao. "Nijifungie ndani na chupa ya dawa nijipake peke yangu, kama mchawi?"

Sumbawanga ilivyopakwa matope nchi nzima kwa uchawi, mtu mwenye dawa anayoificha atajieleza mpaka achoke. Nilifunga daftari langu. Nilikuwa nimepima goti moja, kumbe dawa yake iligawiwa magoti kumi na mawili, pengine zaidi.

Siku ya wageni ikafika, na uvimbe haujaisha. Walitoka Mtowisa, kule bondeni, wamepanda mlima na barabara yake mbovu, mavumbi mpaka kwenye kope. Mama alijifunga kitenge kipya, akatoka mlangoni, akaanza kushuka. Katikati akakwama. Hakushuka, hakupanda. Machozi yalinilenga kwa ajili yake.

Mama wa kijana alikuwa amesimama mbele yake, naye ameinama nusu, mkono mmoja kiunoni.

"Mwenzangu, usishuke," akasema. "Na mimi nikishuka hapa, watanirudisha Mtowisa nimebebwa."

Mama akaangua kicheko. Wakashikana mabega, wakanyooka pamoja polepole, kisha wakapigiana makofi wakiwa wamesimama, wanacheka mpaka wazee wa upande wa pili wakacheka nao. Mimi nilikuwa nacheka na kupiga chafya kwa zamu, maana pumba za ulezi zilikuwa bado uani.

"Lete chupa," mama akaniambia.

"Mama, sina hakika kama inatibu."

"Nani amekuuliza?"

Nikaileta. Alimkalisha mgeni kwenye kiti, yeye akaketi kwenye kigoda, chini kabisa, akaanza kumpaka magoti. Ndipo nilipoona kwamba kichwa chake kilikuwa chini ya kichwa cha mgeni wake, pale pale alipotaka kiwe.