Jicho la Upepo

Mzee wa kamusi alikuwa mbishi kupindukia: haandiki maana ya neno mpaka aijaribu mwenyewe. Neno "ngazi" lilimvunja mguu. Alipofika kwenye neno la Kiingereza la dirisha, akakuta kwamba asili yake ni jicho la upepo. Basi akamsimulia mkewe, akavuta kiti, akalikodolea macho dirisha la sebuleni siku tatu mfululizo, chai ikipoa mezani.

Siku ya nne mkewe akamkuta anaziba dirisha kwa mbao.

"Baba watoto, umerukwa na akili? Hilo ni dirisha tu! Jicho gani lisilopepesa?"

Mzee akapigilia msumari mwingine.

"Hata mimi nilijipa moyo hivyo hivyo, mke wangu," akanong'ona. "Asubuhi hii limepepesa."