Bodi Niliyoiachia Geti

Nakumbuka asubuhi moja pale Malili, miaka ile ya tisini, jua likiwa bado halijakasirika, nilipogombana na kompyuta mbele ya watu na kompyuta ikanishinda. Mwanangu, usidhani mimi ni mtu wa kushindwashindwa. Uliza yeyote kutoka Kwa Vonza mpaka Kiboko ni nani aliyefufua redio zao, na ni nani aliyefanya amplifaya za makanisa zingurume hata ng'ombe wakaokoka. Niliacha shule darasa la nne, nikasomeshwa umeme na umeme wenyewe, kwa kupigwa. Lakini jogoo wa shamba hawiki mjini, na siku hiyo mji ulikuwa umeletwa mezani kwangu.

Kazi ilikuwa hii. Kanisa letu lilitaka amplifaya mpya kwa mkutano mkubwa wa Pasaka. Moyo wa amplifaya ni bodi, kile kibao chenye njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme. Zamani nilizichora njia hizo kwa mkono, kwa rangi ya kucha ya dada yangu, naye alininunia miaka miwili. Sasa nilikuwa nimepata kompyuta kuukuu, nachora humo ndani. Mchoro ukiisha, kompyuta inautoa kama faili, inaiweka kwenye disketi, na disketi inapelekwa karakana fulani Nairobi wakachonge shaba. Rafiki aliyenifundisha alinionyesha batani za kubonyeza, nami nikazikariri kama kwaya inavyokariri wimbo wa lugha ya wageni. Kile Kiingereza cha kwenye skrini, mimi nacho hatukuwa tumesalimiana. Na hilo sikumwambia mtu.

Mzee Musyoki, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa asafiri na disketi ndani ya Biblia yake, basi la saa nne. Karakana ilikuwa inaacha kupokea kazi mpya jioni hiyo mpaka Pasaka ipite. Disketi ikikosa basi, kazi ingekwenda kwa fundi mmoja wa Kiboko mwenye diploma ukutani, na jina langu la Injinia lingemfuata huko huko.

Saa tatu Mzee akafika, akaketi kwenye kreti ya soda. Nikabonyeza batani ya kutoa faili. Kompyuta ikalia pii, ikaandika maneno mekundu, ikangoja. Nikabonyeza Y, maana Y ni ndiyo, na mtu mstaarabu hukubali. Maneno yakatoweka, mchoro ukarudi. Nikajaribu tena. Pii. Nikajibu Y.

"Inasemaje?" Mzee akauliza.

"Inalalamika joto, Mzee."

Nikaipepea kwa kalenda. Pii. Nikasema disketi ina vumbi, nikaifuta kwa shati. Pii. Nikatoka nje nikamgombeza mchomeleaji wa jirani kwamba anakula stima yangu. Yule bwana akanijibu kuwa hajawasha mashine tangu jana. Nikarudi. Pii. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mficha ujinga jasho humtoka hata kwenye magoti.

Pii za namna hiyo zilimleta Ndunge, msichana aliyekuwa akichapa barua za watu kwa taipu duka la pili.

"Injinia, hiyo mashine yako inaangua vifaranga?"

"Rudi kwa taipu yako. Haya ni mambo ya umeme."

Hakurudi. Alisimama mlangoni, akaisoma skrini kama mtu anayesoma kibao cha duka. Kisha akaanza kucheka akiwa ameshika mbavu.

"Mzee, inamwambia mpaka wa bodi haujafungwa, kona ya chini, upande wa kulia. Inamuuliza kama anataka kurudi aufunge. Anajibu ndiyo. Inamrudisha. Hafungi!"

Mzee Musyoki hakucheka. "Mutisya," akaniambia kwa jina la nyumbani, na hapo nikajua mambo yameharibika, "umeulizwa mara ngapi?"

"Kama ishirini hivi, Mzee."

"Na mara zote ishirini ukajibu ndiyo kwa swali usilolijua. Kijana, hivyo ndivyo mtu huamka akajikuta ameoa."

Nikajitetea. Ndiyo, mwanangu, nilijitetea! "Mzee, huo si uwazi wa makosa. Niliuacha kwa makusudi. Hilo ni geti."

"Geti la nini?"

"Waya za maikrofoni zitaingilia wapi? Nyinyi mmewahi kuona boma lisilo na mlango?"

Sasa Mzee alicheka mpaka Biblia ikamponyoka. Mimi nilizaliwa bomani, ningejuaje? Kwetu hata ua wa makonge mtu huuachia mahali pa mbuzi kupita. Kumbe mpaka wa bodi ni pale msumeno utakapopita kuikata, lazima uzunguke mpaka ukutane na ulikoanzia, na waya huingia kwa matundu. Ndunge akaninyooshea kidole pale pengo lilipo. Nikavuta mstari mmoja, mfupi kama ukucha. Nikabonyeza. Hakuna pii. Disketi ikakoroma, faili zikaingia, na Mzee akalipata basi likiwa tayari linatembea, mkono mmoja juu kama anaomba.

Amplifaya ililia Pasaka hiyo. Lakini Jumatatu iliyofuata niliingia darasa la ngumbaru, nikaketi katikati ya kina mama wenye wajukuu, nikaanza upya a, e, i, o, u, mpaka tukafika Kiingereza. Mwisho wa mwaka nikawa wa kwanza. Sawa, wa pili. Wa kwanza alikuwa Mama Kalondu, naye alikuwa na miwani.

Sasa sikia nasaha yangu. Mashine ikikataa kutoa faili, ondoa kwanza mkono kwenye batani. Soma ilichoandika, neno kwa neno, kabla hujailaumu stima, vumbi au jirani. Ukiwa huwezi kusoma, mwite anayeweza, hata akiwa mdogo wako. Atakucheka. Mwache acheke, kicheko hakijawahi kuunguza transista. Na usimjibu mtu wala chombo ndiyo kabla ya kujua umeulizwa nini.

Mungu akubariki mwanangu, akupe macho ya kusoma na mdomo wa kuuliza, na akujalie majirani wenye akili nyingi na kicheko kifupi.