Jicho la Mnara

Kwetu Wakisii mama huitwa baba. Nalisema hili mapema kwa sababu wageni hunisikia kwenye simu, "Ndiyo, baba, nitakuja, baba," wakadhani naongea na mzee mwenye bakora. Baba yangu huyu ni mwanamke mfupi, Msabato tangu tumboni, anayeishi kwenye ukingo wa Manga na kuchuma chai yake mwenyewe. Yule wa kiume tulimwita tata, naye alishatutoka.

Mimi ni bintiye, na ni fundi wa mitambo wa kituo kimoja cha redio mjini Kisii. Nimepanga nyumba Kiogoro, lakini mnara wetu uko juu Manga, mkabala kabisa na mlango wa jikoni kwa mama. Mwanzoni niliiona ni bahati. Nikipanda kukagua mtambo, napata na chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na mama anapata kuniuliza kama bado navaa suruali mbele ya wanaume.

Mnara uliosimama karibu na njia ya ndege hauvai upendavyo. Sheria inataka upakwe mafungu ya rangi ya chungwa na nyeupe kwa zamu, chungwa ianze chini na chungwa imalizie juu, ili rubani auone mchana hata mawingu yakiwa nyuma yake. Rangi ikipauka, unapakwa upya. Jua likizama, lazima taa nyekundu iwake kileleni, na isipowaka wenye mnara wanatakiwa kuwaarifu watu wa usafiri wa anga papo hapo, ili marubani waonywe kwamba pale kuna chuma kisichoonekana. Ndege ndogo za kiwanja cha Suneka hupita upande wetu, na helikopta za wanasiasa hushuka popote penye mazishi au harambee. Hilo la kuarifu papo hapo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Tulipopaka rangi mara ya mwisho, wapakaji hawajafika hata nusu, wazee wakanijia kuuliza kwa upole ni chama gani kimenunua mnara. Kwetu rangi ya chungwa haijawahi kuwa rangi tu. Nikawaeleza habari za marubani. Mmoja akasema, "Ni sawa, lakini si mngeweka tu ile kijani ya majani chai? Sisi hatuna shida na rubani." Mama, aliyekuwa anapita na kikapu chake mgongoni, alisimama akawaambia mwanawe hana chama, mwanawe ana ndege. Maneno hayo aliyarudia kanisani mpaka nikaona haya.

Taa nayo aliipa kazi ambayo sheria haikuifikiria. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa, na zamani mama alilitazama likiteremka nyuma ya kilima cha ng'ambo. Kisha jirani akapanda mikaratusi, ikakua kwa fujo, ikaziba kilima chote. Tena kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na siku nyingine jua halionekani tangu chakula cha mchana. Saa ya ukutani hakuiamini kwa sababu ya betri. Ya simu alisema imewekwa na watu wasioshika Sabato.

Siku moja akaniuliza ni nani anayepanda kila jioni kuwasha ile taa.

"Hakuna, baba. Ina jicho lake. Jicho likiona jua limekwenda, linawasha."

Nilipaswa kuongeza kwamba jicho lile ni kifaa kidogo tu, kwamba halijui jua, linajua giza, na wingu zito linalidanganya. Sikuongeza. Alikuwa ananitazama kama vile jicho hilo nililitia mimi kwa mikono yangu, na mtu hapendi kushushwa kutoka mahali pa juu namna hiyo. Tangu siku hiyo taa ikawa ndiyo inayomfungulia Sabato. Ikiwaka, sufuria zinatoka mekoni, jembe linaegemezwa ukutani, na mama anaingia ndani kuimba. Wingu likiiwasha mapema, naye alianza mapema, wala hakuona hasara. Hata ukungu ukishuka, ule wekundu ulipenya kidogo, na kidogo hicho kilimtosha.

Ijumaa ninayotaka kuisimulia, jicho lilikuwa limeharibika na taa ilikuwa inawaka mchana kutwa. Nilipanda na dereva wa ofisi ili nibadilishe kifaa. Chini ya mnara kuna kisanduku chenye swichi ya sehemu tatu: jicho, kuwaka mfululizo, na kuzima. Nikazima ili nifanye kazi bila kupigwa na umeme. Kifaa nilichokuja nacho kikakataa kuingia, kilikuwa cha aina nyingine. Mawingu yakawa yamekaa vibaya, dereva akaanza kupiga honi, maana barabara ile ikilowa gari haliteremki, linateleza tu. Nilifunga kisanduku nikakimbia. Kilichotakiwa ni kugeuza swichi ile iende kwenye kuwaka mfululizo, kazi ya kidole kimoja, na sikuigeuza.

Asubuhi ya Sabato bosi akanipigia. "Taa iliwaka jana?" Nilikuwa bado kitandani, na ni swali lake ndilo lililonikumbusha ile swichi. Niliiona mbele yangu wazi kabisa, imeelekea kuzima. Mdomo ukasema, "Iliwaka."

Nilishuka kitandani kama mtu aliyeng'atwa na siafu, nikachukua bodaboda hadi Manga, nikageuza swichi. Nilipita langoni kwa mama nimejifunika mtandio usoni, ingawa nilijua yuko kanisani na hakuna wa kuniona. Hakuna ndege iliyopata ajali, nikajiambia, na habari imeishia hapo.

Jumapili tulirudi na kifaa cha kweli. Baada ya kazi tukaingia kwa mama, mimi na dereva, naye akatumiminia chai. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango akasimulia kwamba Ijumaa alikuwa anapiga pasi gauni lake la Dorkasi, kikundi cha akina mama wa kanisa, macho yake yakiwa mlangoni, akijiambia atamaliza kabla taa haijawaka. Giza lilipoingia alidhani ni mvua. Akaendelea na mikono, akaendelea na kola. Ndipo akasikia kwa jirani wanamaliza wimbo wa kufungua Sabato, wanaingia kwenye maombi, na yeye bado ameshika pasi ya makaa. Kanisani alikwenda na nguo ya shambani, akakaa nyuma.

"Mwanangu," akasema, "Ijumaa ile taa iliwaka?"

Dereva aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Nikamwona bosi nyuma yake, nikaiona kazi yangu, nikaona jinsi habari inavyoteremka kutoka Manga hadi mjini kabla chai haijapoa.

"Iliwaka, baba."

"Hata na ule ukungu?"

"Hata na ukungu. Yenyewe inawaka tu."

Akajipangusa macho kwa ncha ya leso, la kushoto, kisha la kulia, taratibu, kama anayepangusa vioo vya taa. "Basi ni macho," akasema. "Nilikuwa najiuliza yataanza lini."

Ningeweza kusema wakati ule ule. Ningeweza kumngoja dereva atoke. Ningeweza kupiga simu njiani. Nayaandika haya kwa sababu yalikuwa mepesi yote, na sikufanya hata moja, na sipendi mtu anionee huruma kwa hilo.

Mwanamke aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano bila kukunja uso akaanza kuzeeka kwa agizo langu. Aliacha kuchagua maharagwe, akasema atawalisha watu mawe. Kijitabu chake cha lesoni ya Sabato akampa mke wa kaka yangu amsomee, na darasa aliloliongoza kanisani akamwachia mwingine. Akaacha kuchuma chai pamoja na wenzake, akiogopa kuchanganya majani magumu na machanga halafu arudishiwe kikapu kwenye kituo cha kupimia chai mbele ya watu. Bonde la nyumbani alilishuka akipapasa ua wa miti, bonde alilolipanda na kulishuka tangu alipoolewa. Na Ijumaa, akisha kula mchana, aliweka kila kitu chini akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akiingoja Sabato saa nyingi kabla haijafika ili isimpite tena. Niliwahi kumkuta hivyo. Kuku walikuwa wanadonoa mahindi aliyoyaanika, naye hakuwafukuza kwa sababu alishaacha kazi.

Nikamletea karoti. Nasema kweli, nilimletea mama yangu karoti.

Mwishowe nilimpeleka kliniki ya macho mjini, nikitumaini sijui nini, labda daktari anisaidie kusema uongo vizuri zaidi. Mpimaji, kijana mpole, alimwonyesha zile herufi zinazoelekea juu, chini, kushoto, kulia. Mama alikuwa ananyosha mkono kufuata kila moja bila kusita, hadi mstari mdogo ambao mimi mwenyewe niliukisia. Kijana akacheka. Akasema macho haya ni ya kushukuru, labda miwani ya kusomea tu.

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Daktari, hii yote mimi naona. Ni ile taa moja ya mlima ndio ilinikataa."

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye benchi kati ya watu wenye pamba machoni. Nikamwambia. Swichi, mvua, honi, bosi, mtandio, dereva, yote. Sikulia, maana ningelia angeanza kunibembeleza, na hicho ndicho nilichokiogopa zaidi.

Aliutazama mkono wake, ule aliokuwa akiunyosha kule ndani. Nilidhani ataniuliza habari za Sabato, au za miezi aliyokaa akipapasa ua.

"Na wale wa ndege?" akasema. "Mimi nilikuwa nyumbani, nimeshika pasi. Wao walikuwa juu. Wao uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaniambia twende, kikapu chake cha chai kimelala vya kutosha.

Nilimwambia bosi pia. Alinipa barua ya onyo, na alikuwa na haki. Mama alirudi kwenye maharagwe yake na darasa lake. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila jioni, siyo Ijumaa tu, ananipigia simu. Hasalimii, mtu ambaye kwake salamu huanzia kwa ng'ombe ikaishia kwa jirani. Anasema, "Imewaka," anakata. Analinda watu wasiomjua, wanaopita juu ya mikaratusi ya jirani, na ananilinda mimi pia, au ananichunga. Sijathubutu kumwuliza ni lipi.

Juzi ilinyesha tangu adhuhuri, na jioni ukungu ukakaa juu ya Manga mzito kama uji. Simu ikalia. "Sijaiona," akasema. Safari hii nilifanya kama inavyotakiwa. Niliwapigia watu wa anga kwanza, kabla sijavaa hata viatu, kisha nikatafuta bodaboda. Tulipanda tukisukuma pikipiki sehemu nyingine, matope hadi magotini.

Taa ilikuwa inawaka. Nilisimama chini yake kabisa nikainua uso, na matone yaliyoniangukia yalikuwa mekundu. Ni ukungu tu uliokuwa umeificha, au pengine sasa ni umri, na macho yameanza kweli. Nikampigia mama kwa furaha, karibu nipige kelele.

"Imewaka, baba! Niko hapa chini yake. Ni ukungu tu."

Nilisikia mvua kwenye bati lake na mvua kwenye kofia yangu, mvua ile ile moja.

"Mwanangu," akasema, bila hasira yoyote, "hiyo 'imewaka' ni ile ya siku ile, au ni nyingine?"

Nikatafuta neno lingine la kumwambia mtu kwamba taa inawaka. Sikulipata.