Kipande cha Kukataa

Andika polepole, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Ninayokusimulia ni ya shangazi yako, binti yangu wa mwisho, miaka ile ya sabini nilipokuwa na karakana ya useremala Mafinga.

Alifika umri wa miaka minane bila kutamka neno. Masikio yake yalikuwa mazima. Aliisikia mvua ikija juu ya msitu wa paini kabla yetu sote. Siku hizi ninyi mliosoma mnasema huo ni usonji. Sisi hatukuwa na jina hilo. Majirani walisema ni ukaidi, nami niliamini. Kwetu binti humpigia goti mkubwa na kumwamkia. Yeye aliwapita wageni kama mtu apitavyo gogo, na kwa hilo nilimchapa zaidi ya mara moja. Liandike hivyo hivyo.

Serikali ilipoagiza kila mtoto aandikishwe shule, nilimpeleka darasa la kwanza. Mwezi haukuisha, mwalimu mkuu akaniita. Binti alikuwa akijilowesha kwenye dawati kwa kuwa hakuweza kuomba ruhusa, na alipozidiwa na kelele aliuma mkono wake mwenyewe.

"Mzee, nitamvumilia hadi tufunge shule," alisema. "Asipoweza kueleza shida yake, atabaki nyumbani."

Na kama angebaki nyumbani, hakukuwa na mwingine wa kumfundisha.

Mwalimu wake wa darasa alikuwa msichana aliyehamia kwetu kutoka Mbeya. Siku moja alikuja karakanani kuagiza ubao wa kufundishia, akamkuta binti yangu akinichagulia mbao. Kwa kuwa sijui kusoma, kila kazi niliichongea alama yake kwenye mbao kwa patasi: jogoo kwa kitanda cha mfuga kuku, kibuyu kwa benchi la muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nilimwonyesha binti alama moja, naye akaleta mbao zote za kazi ile, bila kukosea.

"Alama hizi nani anazisoma, mzee?"

"Mimi. Na huyu."

"Basi anasoma kuliko darasa langu zima," alisema. "Mchongee vipande vya kwake. Vya maji, vya chakula, vya choo. Atanipa mkononi."

Nilichonga vipande vya ukubwa wa kiberiti, nikavitoboa na kuvitunga kwenye kamba: kikombe, sahani, mlango wa choo. Nikaongeza mtu aliyepiga goti, ndiyo salamu, na mtu aliyeinamisha kichwa, ndiyo kukubali. Siku ya tatu alimpa mwalimu mlango wa choo, akaenda, akarudi na gauni kavu. Nilijiona nimemaliza kazi.

Haikuwa hivyo. Kila darasa lilipoanza kuimba, alivitupa vipande chini na kuuma mkono. Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule ifungwe.

Mwalimu alikuja nyumbani na ile kamba, akaihesabu kipande kwa kipande.

"Mzee, cha kukataa kiko wapi?"

"Mtoto wangu hamkatalii mkubwa."

"Anakataa kila siku. Anakataa kwa meno."

Bibi yako alikuwa jikoni, akacheka. "Mwalimu, usimlaumu. Neno hilo hajawahi kulipokea humu ndani. Angelichongaje?"

Nilikaa siku tatu bila kushika patasi. Niliona kwamba nikimchongea neno hilo, nitakuwa nimeivunja adabu ya nyumba yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya nne nilienda shuleni, nikasimama dirishani wakati wa nyimbo. Niliuona mkono wake, umejaa alama za meno. Nikarudi, na jioni nikauweka mkono huohuo juu ya ubao, nikauzungushia penseli ya useremala, kisha nikauchonga mdogo kwenye kipande: kiganja kilichokunjuliwa, vidole juu. Bibi yako alimwonyesha maana yake kwa uji asioupenda: kila alipompa kiganja, aliuondoa.

Baada ya mafunzo hayo, wa kwanza kupewa kiganja kile nilikuwa mimi. Dereva wa lori la mbao alikuwa amefika kutoka Iringa, nikamwita binti aje kumwamkia. Alikuja, akapekua kamba yake, akaniwekea kiganja mkononi mwangu, mbele ya mgeni.

"Umekataliwa, mzee," dereva alisema, akijizuia kucheka. "Tena kwa maandishi."

Damu ilinipanda. Lakini nilitazama mkono wake, na hakuwa ameuuma. Alisimama ametulia, akingoja.

"Amesema," nilimjibu dereva. "Mwache apite."

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu aliamuru waimbe, ili ajionee. Binti aliinuka, akampa kiganja, akatoka nje, akakaa kibarazani hadi nyimbo zilipokwisha. Kisha akarudi mwenyewe kwenye dawati lake. Mwalimu mkuu alikigeuza kile kipande huku na huku.

"Muhula ujao arudi," alisema. "Ila, mzee, vipande sita havimtoshi mtu."

Kesho yake nilifungua karakana mapema. Alinifuata, akaokota kipande cha mbao kitupu, akanipa, kisha akaweka kidole chake juu yake. Alitaka neno. Sikujua ni lipi. Nikaweka patasi chini, nikaketi kwenye vumbi la mbao nimngoje anionyeshe.