Nyeusi isiyouzwa dukani

Saa mbili kasoro asubuhi, Masaka, pembezoni mwa Kigali. Kaliza Mukandekezi amezamisha mikono yote miwili ndani ya ndoo ya kinyesi cha ng'ombe, na spika iliyotundikwa msumarini juu ya kichwa chake inanguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

Ngoma zinaingia. Kaliza anachota donge, analibandika juu ya ubao uliolazwa chini, na vidole vitatu vinaanza kukimbia. Nyuma ya vidole linainuka tuta jembamba, limenyooka kama limepigiwa rula. Anafika mwisho wa ubao, anakata kona kali, anarudi. Hana penseli wala kamba. Ana ngoma tu.

"Usinisemeshe mpaka gitaa liishe," anasema bila kuinua macho.

Gitaa linaisha baada ya dakika nne. Ndipo anaponyoosha mgongo, anafuta jasho kwa bega, anacheka. Chini ya ule utope kucha zake zimepakwa rangi nyeusi, nusu yake imeshabanduka.

Kazi anayoifanya inaitwa imigongo, na nchini Rwanda hata mtoto anaijua. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu hadi harufu ikatike, kikainuliwa kuwa matuta juu ya ubao, kikakauka kivulini, kikasuguliwa kwa msasa, kisha kikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni kazi ya wanawake wa mashariki, upande wa Kirehe, na ilianzia kwenye kuta za nyumba zao.

Lakini imigongo ya Kaliza huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Katikati ya mistari ya kona kali kama radi anasimama ng'ombe wa inyambo, wale wa kwetu wenye pembe ndefu kuliko mikono ya mtu mzima. Kichwa kimeinama kama kinataka kuvunja ubao na kutoka. Pembe zimepanda hadi juu, zimechongoka na kugawanyika kama miale. Ukiusogelea ubao unaona matuta. Ukirudi nyuma hatua tano, mnyama anakutazama.

"Kwenye kaseti za metali kuna mashetani yana mapembe," anasema. Metali ndilo jina analoupa muziki wake, ile roki nzito ya magitaa makali na sauti za kukwaruza. "Nilipokuwa mdogo niliyaogopa. Halafu siku moja nikaona inyambo kwenye sherehe, nikacheka peke yangu. Nikasema, wale wazungu wanahangaika bure! Pembe zao ni za mbuzi. Waje hapa waone pembe."

Kaliza ana miaka ishirini na tisa. Alikulia Nyamirambo, mama yake akiwa fundi cherehani, na ndiyo maana Kiswahili kinamtoka bila kusitasita. Kaseti zilikuwa za mjomba wake Benon, aliyelelewa Kampala na akarudi nyumbani na sanduku moja la nguo na mawili ya muziki. Benon anatengeneza redio hadi leo, na anapoulizwa habari za mpwa wake hujishika kiuno kwanza.

"Watoto wa wenzangu walibembelezwa kwa nyimbo za kwaya," anasema. "Huyu alilala akisikia watu wanapiga kelele kama wamebanwa na mlango. Dada yangu alinilaumu miaka kumi. Sasa anaona mtoto anakula kwa kelele zile zile, amenyamaza."

Maneno ya nyimbo Kaliza hakuyaelewa. Alisoma majalada. Majina ya bendi yaliandikwa kama matawi ya miiba, kushoto sawasawa na kulia, na yeye aliyanakili kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha cherehani mpaka mama akamfukuza na ufagio.

Shule yake ya pili ilikuwa kibanda cha video jirani na nyumbani, ambako filamu za ngumi zilionyeshwa huku mtu akizisimulia kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Mwenye kibanda alimwingiza bure kwa sharti kwamba amchoree matangazo ya filamu ubaoni.

"Pale ndipo nilipofundishwa kazi," anasema. "Mtu anapita upande ule wa barabara, ana haraka, ana njaa. Mchoro wako umsimamishe. Usipomsimamisha, hujachora."

Shule ya tatu ni Pudentienne.

Huyu ni dada wa baba yake, na Kaliza humwita Masenge, jina ambalo Mnyarwanda humwita shangazi. Ana miaka sabini. Alikulia ukimbizini Karagwe, Tanzania, akajifunza imigongo kwa mama yake kwenye kuta za nyumba isiyokuwa ya kwao, kisha akairudisha kazi hiyo Kirehe. Kaliza alipelekwa kwake likizo moja akiwa na miaka kumi na mitatu, akarudi na vidole vinavyonuka majivu.

Pudentienne hapimi kwa rula. Anapima kwa wimbo. Anaimba polepole huku vidole vikitembea, na wimbo unapofika mwisho mstari nao umefika mwisho. Kila mstari una mwendo ule ule, ndiyo maana matuta yote yanalingana unene. Kaliza alishika kanuni hiyo, akabadilisha wimbo. Badala ya sauti ya shangazi aliweka kaseti za mjomba. Matuta yake yakawa membamba mara mbili na yamebanana kama meno ya kitana.

Shangazi aliona, akaguna, akamwacha. Ugomvi ulikuja baadaye, na haukuwa wa muziki.

Akiwa na miaka ishirini na miwili Kaliza alitengeneza ubao aliouona kuwa bora kuliko yote. Aliufunga kwenye shuka, akapanda basi hadi Kirehe, akaufunua mbele ya shangazi yake. Lilikuwa fuvu la mtu. Alilitoa kwenye jalada la kaseti, moja kwa moja, na lilikuwa limechorwa vizuri mno.

Pudentienne aliushika ubao kwa mikono miwili, akaugeuza uso ukaangalia ukuta, akatoka nje kwenda kuwapa kuku mahindi.

"Sikuelewa," Kaliza anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nilifikiri ni wivu. Nilikasirika, nikarudi Kigali na ubao wangu. Ilinichukua mwaka mzima. Yale majalada ni ya kwao, huko labda fuvu ni pambo. Hapa kwetu kila nyumba ina watu wake walioondoka kwenye mauaji ya mwaka tisini na nne. Masenge alizika ndugu ambao hata mifupa yao ilibidi itafutwe. Na mimi nimemletea fuvu, eti alisifie."

Tangu siku hiyo hakupewa tena ile nyeusi.

Nyeupe ya imigongo ni udongo, nyekundu ni udongo. Anayejua pa kuchimba anachimba. Nyeusi ndiyo yenye siri. Pudentienne huipika kwa utomvu wa shubiri na majivu ya vitu ambavyo hajamtajia mtu. Katika ukoo wao hakuna mwingine anayeijua. Haing'ai. Inakunywa mwanga, na ikishashika haiachi ubao.

Kaliza, kwa kiburi chake, akanunua nyeusi ya dukani.

Mwaka jana bwana mmoja aitwaye Nkusi, mwenye nyumba ya wageni Kagarama, alimwagiza mbao sita za ukumbi wa chakula. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ubao mmoja humpa faranga elfu arobaini, na mwezi mzuri huuza nne. Mbao zikatundikwa, wageni wakapiga nazo picha. Mwezi wa nne nyeusi ikaanza kubanduka magamba magamba.

Nkusi alizirudisha zote kwa gari dogo la mizigo. Hakufoka.

"Bibie," alimwambia, "mgeni wangu mmoja amekunywa chai yenye sanaa yako ndani. Ng'ombe wako nawapenda. Nitengenezee wengine wanane, lakini nyeusi ikibanduka tena, usinipigie simu."

Nyeusi ya kumtoa kwenye aibu hiyo iko Kirehe, kwa mwanamke mmoja. Kwa hiyo Kaliza alikunja kiburi chake, akampigia shangazi simu. Jibu lilikuwa fupi: "Alhamisi nakuja Kigali kwa daktari wa macho. Nitapita."

Leo ni Alhamisi.

Saa nne pikipiki inasimama mbele ya banda. Pudentienne anashuka, anamrudishia dereva kofia yake, anajitengeneza kitambaa cha kichwa. Kaliza anakimbia na mikono iliyonyooshwa.

"Usinishike na hayo mavi!"

"Si ndiyo mavi uliyonifundisha, Masenge?"

"Nilikufundisha pia kunawa. Na zima hiyo mashine, nimesikia tangu barabarani nikadhani mnasaga mahindi."

"Nikizima, mstari utapinda."

"Basi upinde, tuone."

Kaliza anazima. Anapiga magoti, anachota donge, anavuta tuta katika ukimya. Linaanza vizuri, katikati linanenepa, mwishoni linayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Pudentienne ameinama, anafuata tuta kwa kidole bila kuligusa.

"Washa," anasema.

Anageuza ndoo tupu, anaikalia, anafumba macho yake mabovu. Muziki unalipuka. Vidole vya Kaliza vinaondoka. Fimbo ya mwanamke mzee inaanza kugonga sakafu, kwanza inachelewa, halafu inalishika lile pigo na kubaki nalo.

"Huyo mpiga ngoma anakimbizwa na nani?"

"Hakimbizwi, Masenge. Ndivyo anavyotembea."

Fimbo inaendelea. Wimbo unafika mwisho, tuta nalo limefika mwisho. Pudentienne anafumbua macho.

"Anakimbia, lakini hakosei."

"Hakosei hata mara moja."

"Basi ni fundi," anasema. "Wanaoimba ndio sijui wamemezeshwa nini."

Kisha anasimama, anaelekea kwenye mbao zilizoegemezwa ukutani. Saba zinatazama mbele, inyambo saba wasio na rangi, wa kahawia kama walivyotoka mkononi. Anawapitia mmoja mmoja, pembe kwa pembe, akiwagusa kwa ncha za vidole kwa sababu macho hayamtoshi. Ubao wa nane umegeuzwa, uso ukutani.

Anasimama mbele yake.

"Ndio ule?"

"Ndio."

"Miaka saba hujaugeuza?"

"Wewe ndiye uliyeugeuza, Masenge. Nisingeweza kuugeuza mimi." Kaliza anajifuta mikono kwenye sketi, bila sababu, maana haiwezi kusafishika hivyo. "Sikujua nachora nini."

"Ulijua. Hukufikiri." Shangazi hasemi kwa ukali. Anasema kama mtu anayenyoosha mstari. "Ubao wenyewe ni mzuri. Mninga huu. Ukwangue."

Kaliza anaulaza ubao chini, anaumwagia maji, anasubiri ulainike, anachukua kisu kipana. Muziki hauwashwi. Vipande vinaanguka, kwanza taya, kisha paji la uso, na Pudentienne amesimama pale pale, mkono mmoja begani kwa mpwa wake, mpaka ubao unabaki mtupu na umelowa. Vipande anavikusanya yeye mwenyewe kwenye karai, anatoka nje, anachimba kishimo kwa fimbo yake karibu na migomba, anavifukia. Anarudi akijipangusa vumbi.

"Sasa una nane," anasema.

Kutoka kwenye mkoba wa safari anachomoa chupa ya mafuta ya kupikia. Ndani mna kitu kizito, cheusi tii. Kaliza anainyooshea mikono. Shangazi anairudisha kifuani.

"Hii inatosha mbao tatu. Ukiipaka nene, mbili."

"Na zile tano?"

"Zile tano utazipikia mwenyewe. Mwezi wa saba, kiangazi, shubiri ikiwa imekauka vizuri. Unakuja unalala kwangu wiki mbili. Mimi macho yananiacha, siwezi tena kuona moto umefika rangi gani. Lazima mtu aone."

Kaliza anahesabu miezi kwa vidole. Shangazi anavishika, anavisogeza karibu na pua yake ili avione.

"Na hizi kucha?"

"Rangi tu, Masenge. Watu wa metali wanapaka."

"Ya dukani?"

"Ya dukani."

"Ndiyo maana imebanduka." Anamwachia mkono, anaweka chupa ndani yake. "Njoo na kucha tupu. Ya kwangu ikikushika, mwezi mzima haitoki."

Saa saba pikipiki inamchukua kwenda kwa daktari. Kaliza anampigia Nkusi: mbao tatu zitakuwa tayari mwisho wa mwezi, tano mwezi wa nane. Upande wa pili kunasikika kicheko, kisha swali kama chai itakuwa salama.

"Kunywa bila wasiwasi," anamjibu. "Hii hata ukiikwangua kwa kisu itakusumbua."

Baada ya hapo anakaa mlangoni na chupa ndogo ya dawa ya kufutia rangi na kipande cha kitambaa cha mama yake, anazisafisha kucha moja baada ya nyingine, zote kumi. Anapanga: mwezi wa saba Kirehe, mwezi wa nane Kagarama, na mwakani, akiwa na nyeusi yake ya kutosha, ukuta mzima wa Nyamirambo, pale kilipokuwa kibanda cha video, inyambo arobaini wakishuka mtaani vichwa chini.

"Duniani kuna watu wengi sana wanaopenda muziki huu, na wote wanavaa nyeusi," anasema, akizigeuza kucha zake tupu kwenye jua. "Mimi nakwenda kuipika."