Lango la Mkate la Pietrafosca

Nazarena Bonfigli alikuwa mshona nguo mpaka macho yalipoanza kumchezea. Ndipo halmashauri ya Pietrafosca, mji mdogo wa Italia, ikamkabidhi funguo za mnara na kanisa, awe akiwatembeza wageni. Kazi ilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Alipanda nao ngazi za mnara akihema na kutania, akawaonyesha mji uliokalia mwamba, mto uliojipinda bondeni, mizeituni upande wa jua, na ng'ambo, magofu ya kijiji cha Vallebruna. Kanisani aliwaonyesha Bikira Maria aliyechorwa jicho moja kubwa kuliko jingine. "Mchoraji alikunywa divai yetu," aliwaambia, nao wakacheka.

Mwisho aliwashusha hadi lango la mawe linaloitwa Lango la Mkate. Hapo sauti yake ilibadilika.

"Februari ya mwaka arobaini na nne, wakati wa vita, Wajerumani walichoma Vallebruna. Watu wakapanda mlima huu kwenye theluji. Sisi wenyewe tulikuwa na njaa, lakini tuliwafungulia lango hili tukawagawia mkate wetu wa mwisho."

Wageni walifuta machozi. Siku nyingine hata yeye alifuta.

Jumamosi moja ya Mei, mwaka 1998, lilikuja kundi la wastaafu. Miongoni mwao alikuwemo bibi mfupi mwenye fimbo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Hadithi ya lango ilipokwisha, akainua mkono.

"Mkate wenyewe ulikuwa wa nini, mama?"

"Wa shayiri," Nazarena akajibu bila kusita. "Tena wa moto, umetoka tanurini saa hiyohiyo."

"Wa moto." Bibi akatikisa kichwa. "Mimi ni mtu wa Vallebruna. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu nimembeba mgongoni. Tuligonga hapa mpaka vidole vikatoka damu. Hakuna aliyefungua. Mdogo wangu alifia palepale uliposimama."

Wote wakamgeukia Nazarena. Uso ulimwaka. Angeweza kusema ukweli kwa maneno matatu tu, maana aliujua kuliko mtu yeyote pale. Badala yake alitabasamu.

"Pole sana, bibi. Ulikuwa mtoto, na baridi huchanganya kichwa. Huenda mlifika lango la juu, lile lililokuwa limezibwa."

Pietrafosca haikuwahi kuwa na lango la juu. Alilitunga papo hapo.

Mzee mmoja akamshika bibi begani kama anayemtuliza mgonjwa. "Ndiyo, Velia, miaka mingi imepita. Mtu husahau."

Velia akamtazama Nazarena kwa muda, si kwa hasira. "Labda," akasema, akashuka taratibu kwenda kwenye basi.

Neno hilo Nazarena alirudi nalo nyumbani. Jumapili alipika tambi, akazitazama zikipoa. Baba yake, Egidio, ndiye aliyekuwa bawabu wa lango. Nazarena, mwenye miaka saba wakati ule, alisimama dirishani akamwona akitia komeo, kisha akiketi chini, mgongo ukiegemea lango, vidole masikioni. Wakubwa wa mji walikuwa wamemwamuru, kwa kuogopa Wajerumani. Baada ya vita kuna mtu alianzisha habari ya mkate, watu wakaipokea kwa mikono miwili, na Egidio akafa bila kuikanusha. Nazarena alijiambia kwamba analinda jina la baba. Sasa, kwa kulilinda, alikuwa amemfanya mwanamke mzima aonekane punguani mbele ya wenzake.

Jumanne alipata anwani ya Velia kwa kiongozi wa wastaafu, akamfuata mji wa bondeni. Alimkuta uani akimenya maharage. Velia hakumkaribisha kiti.

"Aliyefunga lango ni baba yangu," Nazarena akasema, angali amesimama. "Nilimwona. Na hakuna lango la juu."

"Najua. Niliona pua yako nikaijua, ni ya baba yako. Alituchungulia kwenye tundu kabla ya kufunga."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Uani kwangu? Hapa tuko mimi na kuku." Velia akaendelea kumenya. "Jumamosi ulinifanya mwongo mbele ya watu arobaini, mwanangu. Hawa kuku hawakuwepo."

Nazarena akaaga. Alirudi na aibu yake kama alivyokwenda nayo.

Jumamosi iliyofuata alisimama langoni mbele ya wageni ishirini kutoka Milano, akasimulia komeo, theluji na jina la baba yake. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imeshaenea mji mzima.

"Umepatwa na nini?" Duilio mwenye baa alimfokea uwanjani. "Unamvua nguo marehemu baba yako! Unatuvua sote!"

"Wako alikuwa miongoni mwa waliotoa amri, Duilio. Sijamtaja bado."

Duilio akaingia ndani, akabamiza mlango.

Funguo hazikuchukuliwa, hakuna mwingine aliyezitaka. Aliwaandikia wale wastaafu wote arobaini barua, kwa mkono, akikiri kuhusu lango la juu. Wachache walijibu. Velia hakujibu. Lakini mwezi Septemba alipanda tena Pietrafosca, peke yake, akasimama nyuma ya wageni akasikiliza mpaka mwisho. Nazarena alisimulia macho yakiwa chini, masikio yakiwaka.

"Mdogo wangu aliitwa Nello," Velia akamwambia walipobaki wawili. "Humtaji."

"Sikulijua jina lake."

"Hukuuliza."

Nazarena akainamisha kichwa. Kisha akauliza Nello alikuwa mtoto wa namna gani, na Velia akaketi kwenye jiwe akaanza kumweleza.