Rungu Linalipa Zaidi, Lakini Nafuna Anaacha Lango

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, Nafuna Wabwire anafunga kifungo cha juu cha sare yake langoni mwa jumba la wapangaji, Riruta. Viatu vinameta. Amevipangusa kwa kitambaa baada ya kutembea kutoka Soweto West, Kibera, ili asitoe nauli.

Mlinzi huyu wa miaka thelathini na minane ana diploma ya ushauri nasaha, aliyoisomea jioni kwa miaka mitatu. Langoni hulipwa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi. Juma lililopita kampuni ilimtaka awe msimamizi wa walinzi, kwa elfu ishirini na saba. Kituo kimoja cha ushauri Kawangware nacho kikamwita awe mshauri: elfu kumi na sita.

Dadake, Mourine, muuza mitumba Soko la Toi, aliposikia anachagua kituo nusura amrushie suruali aliyokuwa akiikunja.

"Wee Nafuna! Umesoma vitabu vyote hivyo ndio urudi nyuma? Si hiyo saikolojia ujishauri wewe kwanza!"

Nafuna alicheka, ila moyoni alikuwa akimkumbuka Gikonyo.

Gikonyo alifika langoni mwezi Machi, jiwe mkononi, akimtafuta mke aliyemkimbia. Sheria ya kampuni ni filimbi. Lakini filimbi ikilia mtaani, majirani hutoka na marungu na mawe kabla ya kuuliza kuna nini. Nafuna akamsukumia kitabu cha wageni.

"Andika jina, bosi. Nambari ya kitambulisho. Ya simu pia."

Ilibidi aweke jiwe chini ndipo ashike kalamu. Alipofika kwenye safu ya sababu ya kuja, mkono ukakwama, machozi yakamtoka. Wakaongea karibu saa nzima, kisha Gikonyo akaenda zake.

Kampuni ikampa Nafuna barua ya onyo kwa kutopiga filimbi.

"Nikiwa msimamizi, ni mimi nitakuwa nikiwaandikia wenzangu hizo barua," asema. "Hizo elfu kumi na moja za juu wabaki nazo. Nyumbani tutakula sukuma bila nyama, tutazoea."

Jana alikabidhi notisi. Mwezi ukiisha anaanza Kawangware, na tayari ameomba chumba cha kituo kila Jumamosi alasiri, awashauri walinzi bila malipo.

"Soja wa lango anabeba shida za wapangaji wa ploti nzima," asema. "Nani ashawahi kumuuliza yeye ameamkaje?"